Upande wa Pili wa Kaseti ya Mama

Mimi kazi yangu ni kinyaa. Miaka kumi na miwili naosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Houston, nabadilisha nepi za watu wazima, nafuta makohozi, nakata kucha za miguu zilizogeuka manjano, na tumbo langu halijawahi kutikisika. Kwa hiyo nikikwambia kuna watu walionitia kinyaa hadi leo nikiwakumbuka natema mate, niamini. Watu wenyewe ni bendi ya Wajapani iliyokuwa ikiitwa Kanasabi. Na pamoja nao mtie ndugu yangu wa tumbo moja, Shuaib.

Ilikuwa Aprili ya mwaka 2002. Afnan, mke wa Shuaib, alikuwa amejifungua kule Arlington, karibu na Dallas, na mimi wifi yake ilinipasa kwenda kumkanda maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga na kumwogesha mtoto. Shuaib alikuwa ameshusha watu Houston, basi akanipitia kwangu Sharpstown asubuhi. Florent, mume wangu, akanibebea sanduku hadi chini, akalisukuma ndani ya gari na kumwambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, kule Kongo, "Shemeji, endesha polepole, uko na bibi yangu mule ndani." Shuaib akacheka. Siku zote humcheka Florent anavyosema.

Shuaib ni dereva. Ana van ya viti kumi na vinne, hubeba makanisa, timu za mpira, na bendi. Bendi humpendeza zaidi kwa sababu madereva wengine hawataki kelele zao wala uvundo wao.

"Kesho usiku naenda kuwachukua Wajapani wangu," akanambia tuliposhika barabara ya arobaini na tano kwenda kaskazini. "Wana shoo Dallas. Hii ni mara ya tatu nawaendesha. Dada, hawa watu wana historia!"

Akaanza kunihadithia, na mimi sina pa kukimbilia, nimefungwa mkanda.

Ati bendi ilianza mwaka 1987 mjini Nagoya, wanafunzi watatu waliofukuzwa bwenini kwa makelele. Kanasabi maana yake kutu ya chuma. Albamu ya kwanza walirekodi ndani ya kiwanda cha kusaga mifupa ya samaki, mashine zikiwa zinasaga. Na jukwaani, siku hizo za mwanzo, walitundika matumbo ya samaki juu ya spika siku tatu kabla ya shoo, hadi yaoze, ati shombo nalo ni sehemu ya muziki. Watu walilipa kiingilio kwenda kunusa.

"Kefule!" nikasema. "Mimi nalipwa kunusa, wao wanalipa!"

"Ngoja, dada. Albamu ya pili ni wimbo mmoja tu, dakika sabini. Gitaa moja, noti moja."

"Na watu walinunua?"

"Walinunua! Kisha mwimbaji akawatoka, akaenda kuuza vifaa vya bafu. Hawakumtafuta mwingine. Kiongozi wao, Kurahashi, akaanza kuokota sauti. Anakwenda na kinasa sauti chake, anamrekodi mnadi wa sokoni, mwendawazimu wa kituo cha treni, mtu anayekata roho hospitalini. Anazitia mle katikati ya magitaa."

"Mtu anayekata roho?" Nikamgeukia. "Shuaib, mimi nimewafumba macho watu wangapi? Nikiingia chumbani kwa mtu wa namna hiyo hata redio nazima. Huyo Kurahashi wako ana mama kweli?"

"Wewe huelewi sanaa, dada."

"Sanaa! Ptu!"

Akacheka, akafungua kidroo, akatoa CD. Juu yake picha ya ulimi wa ng'ombe uliopigiliwa misumari. Ati ndiyo albamu ya nne, walimtumia kwa posta mwaka uliopita, hajawahi kuimaliza, wimbo wa pili humshinda. "Hebu sikia wazimu huu," akasema. "Tuone nani atasalimu amri kwanza."

Nilikubali kwa ubishi tu. Wimbo wa kwanza ulikuwa kama mtu anaburuta kitanda cha chuma juu ya saruji. Wa pili, mtu yuleyule, kitanda kilekile, ila sasa anakohoa. Tulikuwa tumeshapita Huntsville na kichwa kinanigonga, lakini nikimtazama Shuaib naye ananitazama, hakuna anayetaka kushindwa. Ukaja wa tatu. Magitaa yakanguruma, yakanyamaza ghafla, na mle ndani ya kimya mama yangu akaniita.

"Mwanabaraka, wanisikia?"

Mama yangu alikuwa na miaka minne kaburini.

"Mwanabaraka, wanisikia? Mwanabaraka, wanisikia? Mwanabaraka, wanisikia?"

Sauti yake hasa, ile ya puani kidogo, na nyuma yake jogoo wa jirani anawika. Wamelikata neno na kulizungusha, likawa linarudi na kurudi, na juu yake magitaa yakaanza upya, na ngoma, na mama yangu mle ndani anaita kama mtu aliyefungiwa kisimani. Shuaib akapeleka mkono kuzima. Nikaudaka mkono ule nikaukaza.

"Usizime," nikasema. "Simamisha gari."

Akasimama kwenye kituo cha mafuta Madisonville. Wimbo ulikuwa bado unakwenda. Dakika kumi na moja! Ulipokwisha nikamwambia, "Haya. Sema."

Lazima ujue kwanza mambo ya kaseti. Kwetu Kuze, Mombasa, mama hakuandika barua. Alikuwa na redio yake ya kurekodi, na kila baada ya miezi mitatu minne alinasa kaseti, akampa mtu anayesafiri. Upande wa kwanza ulikuwa wa watu wote: salamu, nani kaoa, nani kafa, paa linavuja wapi. Watoto wote walikaa wakaongea mmoja mmoja. Upande wa pili ulikuwa wa mtu mmoja tu. Mama aliwatoa wote nje, akafunga mlango, akamtaja mwenyewe kwa jina, kisha akasema naye. Na huku tunakopokea, adabu ni ileile. Ukisikia limetajwa jina ambalo si lako unazima, unampelekea mwenyewe. Hakuna aliyevunja sharti hilo katika nyumba yetu, hata Shuaib mtukutu.

Mimi sikuwahi kupata upande wa pili. Mwaka 1992 niliolewa na Florent hapa Houston. Florent alisilimu, akajifunza Fatiha na yale matamshi yake, lakini mama hakutaka kusikia. Alisema huo Uislamu wa kupatia mke. Nilipopiga simu kwa jirani aniitie mama, alikuja, akashika simu, akasema, "Tumbo lililokuzaa nalijutia. Radhi zangu nimezitoa kwako." Kisha akakata. Baada ya hapo nilipiga mara nyingine mbili na hakuja kwenye simu. Kaseti zote zikawa zinakwenda kwa Shuaib Arlington.

Mama akafa Februari 1998. Hatukuwahi maziko. Tukakaa matanga sebuleni kwa Shuaib, tukasoma hitima, na watu walipoondoka nikamvuta ndugu yangu jikoni. Nikamuuliza, "Katika kaseti ya mwisho, mama alinitaja?" Akanitazama machoni. "La, dada," akasema. "Hakukutaja."

Nimeishi na neno hilo. Asiyejua radhi ya mama ni nini ataniona mjinga. Mtoto wangu Nuha akiugua homa, najiuliza ni ile. Florent akichelewa kutoka ghalani kazini, najiuliza ni ile. Nikisujudu najiuliza kama sala yangu inapita hata dari.

Sasa pale Madisonville, Shuaib kaweka kichwa juu ya usukani.

"Kaseti ilikuja Oktoba tisini na saba," akasema. "Nilikuwa nawaendesha hawa Wajapani, mara ile ya pili. Nikaitia kwenye redio ya gari, upande wa kwanza. Wakapenda sauti ya mama, dada, wallahi walimsifu sana. Nikageuza. Nikasikia jina lako. Nikazima palepale."

"Ukazima. Alhamdulillahi, una adabu. Kisha?"

"Kurahashi akaniomba aiazime usiku mmoja ainakili. Nikaona hawaelewi Kiswahili, si kama wanasikiliza. Asubuhi wakaondoka mapema na gari jingine. Nikaandika barua mbili Japani, hawakujibu. Nikasema nitaipata tu, kisha nikuletee. Halafu mama akafa."

"Na mimi nikakuuliza."

"Niliona haya, dada. Ningekwambia alikutaja, ungetaka kaseti. Ningekwambia nini?"

Nilishuka garini. Nilikirihika na yule mtu, nakwambia kweli, kiasi kwamba hata jasho lake nililisikia linanuka kitu kingine. Mama alifungua mlango, na huyu mwanahizaya aliufunga kwa sababu ya haya. Haya! Na mimi miaka minne najiona najisi.

Nikarudi garini, nikamwambia maneno mawili tu: "Utanipeleka kwao."

Tukalala Arlington. Siku ya pili saa tisa mchana tukawa Deep Ellum, Dallas, ndani ya ukumbi mmoja wenye sakafu inayonata. Kila hatua kiatu kinaganda na kubanduka. Pananuka bia iliyomwagika wiki iliyopita, pananuka mkojo, pananuka nywele za watu. Wajapani walikuwa wanajaribu vyombo kabla ya shoo. Nilitarajia mashetani, nikawakuta watu wazima wanne wenye vitambi vidogo na jezi chafu. Fundi wa sauti, Mmarekani mmoja, alikuwa amekaa kwenye meza yake ya vitufe anatafuna jojo.

Kurahashi alipomwona Shuaib akafurahi. Shuaib hakumpa mkono. Mpiga besi wao alikuwa mwanamke aitwaye Tomoe, yeye ndiye anayejua Kiingereza, na kupitia yeye nikasema: sauti ile ya wimbo wa tatu ni ya mama yangu, jina lile ni langu, kaseti ile ni yangu, naitaka.

Tomoe akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akamtafsiria Kurahashi. Kurahashi akanitazama kuanzia mtandio hadi viatu, na macho yake, Mungu ni shahidi yangu, yalijaa furaha. Kama mtu aliyeokota kitu njiani, kisha kikamjia na pacha wake.

"Anasema wewe ndiye Mwanabaraka," akasema Tomoe. "Anasema Osaka watu elfu mbili hupiga kelele jina lako. Hawajui kama ni mtu."

"Kwenye kitabu cha CD mmeandika nini?" nikamuuliza. Shuaib alikuwa amenisomea njiani, lakini nilitaka aseme yeye.

Akaona aibu. "Mganga wa kike wa Kiafrika, akilaani."

"Mama yangu alikuwa mshona kofia."

"Samahani."

"Kaseti iko wapi?"

Wakasemezana. Kaseti, kumbe, haipo. Waliukata ule utepe wake kwa mkasi, wakaunganisha vipande kwa gundi, ndivyo walivyoifanya izunguke. Kwa mkasi!  Lakini kabla ya kukata, akasema Tomoe, Kurahashi alinakili upande wote wa pili kwenye mashine yake, na mashine hiyo ndiyo ile pale jukwaani, wanasafiri nayo. Anaweza kunipigia sasa hivi. Ila haina spika yake. Imeunganishwa na zile kubwa.

Nikazitazama zile kubwa. Kila moja ilikuwa ndefu kuliko mlango wa nyumba yetu. Ndani mle kulikuwa na fundi, msichana wa baa anayefuta glasi, wabeba mizigo watatu. Upande wa pili wa kaseti husikilizwa chumbani, mlango umefungwa.

"Apige," nikasema.

Shuaib akageuka kutoka nje. Adabu ilikuwa imemrudia. Nikamshika shati. "Wewe utasikiliza," nikamwambia. "Upande wote."

Kurahashi akabonyeza, na mama yangu akaujaza ukumbi hadi glasi za baa zikalia.

"Mwanabaraka, wanisikia? Ni mimi, mamako. Nimewatoa wote nje. Jogoo huyu simwezi, atapiga kelele tu, mwache. Mwanangu, nilisema neno lile. Mzazi hasemi neno lile. Nililisema kwa hasira na kwa maneno ya watu, na tangu siku ile silali nalo vizuri. Nilikwenda kwa imamu nikamuuliza, akanambia, Bi Maimuna, mtu keshatamka shahada, wewe wamtafutia nini moyoni, wewe ni Mungu? Nikarudi nyumbani nikanyamaza. Miaka miwili nimenyamaza kwa kiburi tu. Radhi zangu ziko kwako, Mwanabaraka. Sikuzitoa. Nilisema tu kwamba nimezitoa, na ulimi si moyo. Sasa mimi ndiye ninayeomba. Niwie radhi, mwanangu. Macho yangu hayasomi tena, usinitumie barua. Kama umeniwia radhi, nitumie picha ya huyo mtoto. Picha tu. Ikija, nitajua. Isipokuja, pia nitajua, na sitakulaumu."

Pakasikika kitufe cha redio yake, tak, na mvumo mtupu.

Aliinasa kaseti ile Septemba. Alikufa Februari. Miezi mitano mama yangu kila msafiri akirudi Kuze alimuuliza kama kabeba bahasha. Na akafa anajua. Anajua kitu kisichokuwa kweli.

Sijui nilikaa vipi chini kwenye ile sakafu ya bia. Nililia, na nikilia mimi nalia kwa sauti, sina haya. Shuaib naye analia, simtazami. Fundi wa sauti akatafuna jojo lake, akamwambia Kurahashi kwa Kiingereza kwamba sauti iko sawa, ni safi kabisa. Na ndipo nilipoinua kichwa nikakiona kitaa chekundu cha ile mashine kinawaka.

Kurahashi alikuwa ameinama karibu yangu na maiki mkononi, ameishika chini, ubavuni, kama mtu anayeficha sigara. Mashine ilikuwa inanasa. Ananirekodi kilio changu. Uso wake umelowa machozi, analia kweli, na mkono wake haukutikisika.

Mimi nimewaona watu wakijinyea, nimewaona wakila walichotapika. Sijaona kitu kichafu kuliko machozi ya yule mtu.

Shuaib akamrukia. Akamkaba shati, Tomoe akapiga ukelele, mpiga ngoma akaangusha zile sahani zake za shaba. Nikasema, "Mwache." Hakusikia. Nikasema tena, "Shuaib, mwache, nipe hiyo maiki."

Akamwachia. Nikainuka, nguo imenigandama mwilini kwa bia, nikaichukua. Sikuwa nimewasamehe, usinielewe vibaya. Lakini sauti ya mama haikuwa kaburini, wala Kuze. Ilikuwa ndani ya kile kidude chao kichafu, na mahali pengine pa kumjibu sikupajua.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ikarudi kwangu kubwa, ya kutisha. "Ni mimi. Nimekusikia. Nimechelewa kukusikia, si kwamba nilikataa. Nimekuwia radhi, mama, dunia na akhera, hata usingeomba. Picha haikuja kwa sababu neno lako halikunifika. Mtoto anaitwa Nuha. Ana miaka tisa. Anasema Kiswahili akikasirika tu, na akikasirika ni wewe mtupu. Basi. Lala, mama."

Nikaiweka maiki juu ya spika. Nikamwambia Tomoe amwambie bwana wake: anipe nakala, kisha afute mle ndani yote, ya mama na yangu, mbele yangu. Na wimbo ule asiupige tena. Kurahashi akainama hadi nywele zikagusa ile sakafu. Alinipa nakala, na alifuta, nilisimama nikaona namba zinakuwa sifuri. Kama aliupiga wimbo ule Osaka baadaye, mimi sijui. Kuinama si jibu.

Tukatoka nje. Jua kali, magari yanapita. Tukaingia kwenye van, Shuaib akakaa na ufunguo mkononi bila kuuwasha moto.

"Dada," akasema. "Mama umemwia radhi."

"Ndiyo."

"Na mimi?"

Nikafunga mkanda. Akangoja. Akawasha gari, tukapita Grand Prairie, kila taa nyekundu ananigeukia, anasema, "Dada?" Tukafika Arlington, akazima moto mbele ya nyumba yake, akaweka mikono mapajani na kungoja tena.

Nikashuka kwenda kumwogesha mtoto.